Sekunde 60 za kwanza za wasilisho: unaanzaje hadi watu wainue macho kwenye simu?

mkagua_rafu ameuliza:

Habari wakuu.

Nina wasilisho la dakika 15 mbele ya watu 40 hivi: mameneja wa idara, watu wa fedha na wasimamizi wa zamu. Kwenye ratiba mimi ni wa nne, na baada yangu ni mapumziko. Maana yake nitakuta watu wameshachoka na simu ziko mkononi.

Mada ni tofauti kati ya bidhaa zilizomo ghalani na idadi inayoonekana kwenye mfumo. Tulihesabu rafu 200 mwezi uliopita. Rafu 36 hazikulingana na mfumo. Si wizi, bidhaa zote zipo. Chanzo ni kwamba mizigo inahamishwa mchana kutwa, lakini taarifa zinaingizwa kwa mkupuo saa ya mwisho ya zamu. Ninachoomba ni ruhusa ya kujaribu skana za msimbopau kwenye ujia mmoja kwa siku 30.

Mwanzo wangu kwa sasa uko hivi:

"Habari za asubuhi. Awali ya yote napenda kuwashukuru waandaaji kwa kunipa fursa hii adhimu. Kwa majina naitwa fulani, natoka kitengo cha ukaguzi wa ghala. Sijui kama mnanisikia huko nyuma? Leo nitazungumzia changamoto za usimamizi wa taarifa za bidhaa na mapendekezo ya maboresho. Samahani, maandishi ya slaidi hii ni madogo kidogo. Nitaanza na utangulizi, kisha malengo, kisha mbinu, kisha matokeo..."

Kila ninachosoma kinanipa orodha ileile: anza na utani, anza na takwimu ya kushtua, anza na swali, anza na methali, na eti "una sekunde 8 tu". Hakuna anayesema kipi kinafaa lini, na kwa nini kingine kinafia mdomoni. Nichambulieni huo mwanzo bila huruma.

---

Hoja_Kwanza amejibu:

Umesema bila huruma, haya.

Usome kwa sauti huku umeshika saa. Utamaliza karibu nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo hujampa msikilizaji kitu ambacho hakuwa nacho. Jina lako limo kwenye ratiba, kitengo kimo, mada imo. "Fursa adhimu" ameshaisikia mara tatu asubuhi hiyohiyo. Kwa hiyo umemfundisha jambo moja: huyu anaweza kuzungumza nami nikaangalia simu, na nisipitwe na chochote. Akishajifunza hivyo utapata taabu kumrudisha, kwa sababu hata utakapofika kwenye jambo la maana hatajua kwamba umefika.

Sentensi mbili zinaharibu zaidi ya zote. "Sijui kama mnanisikia" inatangaza kwamba hukukagua maiki. "Maandishi ni madogo kidogo" inatangaza kwamba ulijua slaidi haisomeki na ukaileta hivyohivyo. Kwenye kuomba radhi watu husikia kujishusha, na anayekuja kuomba ruhusa na vifaa hana sababu ya kujishusha kabla hajaulizwa lolote.

Sasa, kinachomfanya mtu asikilize. Mwaka 1994 mwanauchumi George Loewenstein alieleza udadisi kuwa ni pengo: mtu anaona nafasi kati ya anachokijua na anachotaka kukijua, na nafasi hiyo inamwasha. Lililo muhimu kwako hapo ni kwamba lazima kwanza awe na kipande cha jambo. Asiyejua kitu kabisa haoni pengo lolote. Ndiyo maana "leo nitazungumzia changamoto za usimamizi wa taarifa" haimwamshi mtu. Haina kipande cha kushika. Mpe vipande viwili ambavyo havikubali kukaa pamoja, akili yake itaanza kutafuta cha tatu.

Wewe vipande hivyo unavyo tayari, ila umevificha chini ya "utangulizi, malengo, mbinu". Rafu 36 kati ya 200 hazilingani. Hakuna kilichoibwa. Hayo mawili yanagombana. Mtu wa fedha akisikia la kwanza anawaza wizi. Ukimwambia la pili, lile wazo lake limevunjwa na hana jingine la kuweka mahali pake. Hapo ndipo anapoinua macho.

Mfuatano ninaoutumia kwa mada za aina hii: jambo lililopimwa, halafu jambo linalolikana, halafu kimya kifupi, halafu swali ambalo wasilisho zima litalijibu, halafu unachowaomba na muda wake, halafu ndipo jina lako. Jina likija hapo linasikika, kwa sababu watu sasa wanataka kujua nani anasema haya. Likija kwanza ni kelele tu.

Tahadhari mbili. Usibane pengo hadi mwisho. Swali la mwanzo likikaa bila kuguswa kwa dakika 12 watu watahisi wanachezewa. Jibu sehemu yake kufikia dakika ya tatu au ya nne, kisha jibu hilo lifungue swali dogo zaidi. Pili, pengo liwe la kwao, si lako. "Tulitumia mbinu gani kuhesabu?" ni pengo la mkaguzi. "Kwa nini mteja anaambiwa bidhaa imeisha wakati iko umbali wa rafu mbili?" ni pengo la meneja wa mauzo. Kabla ya kuandika neno lolote, jiulize kila kundi ukumbini linapoteza nini jambo hili likibaki lilivyo. Kama kundi moja halipotezi kitu, halitasikiliza, na hapo huna cha kulitegea.

Kuhusu takwimu: moja tu. Ukiweka tatu mfululizo, ya pili inaifuta ya kwanza. Na igeuze iwe kitu mtu anaweza kukiona. 36 kati ya 200 ni asilimia 18. "Asilimia 18" inapita masikioni na kwenda zake. "Katika kila rafu 11, karibu 2 zinadanganya" inabaki. Usizidishe wala usipunguze katika kugeuza, maana mtu wa fedha atapiga hesabu palepale, na akikuta umeongeza chumvi basi umempoteza kwa dakika 14 zilizobaki.

Methali? Ukianza na methali ambayo ukumbi unaweza kuimalizia kabla yako, umeziba pengo badala ya kulifungua. Zipo zinazofaa, lakini ni pale unapotaka kuipinga.

---

fundi_maiki amejibu:

Mwenzangu hapo juu amemaliza maneno, mimi niseme ya chumba. Mwanzo mwingi hauuawi na maneno. Unauawa na sekunde 40 za kutafuta waya huku watu wakirudi kwenye mazungumzo yao.

Fika angalau dakika 30 kabla kikao hakijaanza, si kabla ya zamu yako, kwa sababu wewe ni wa nne na ukumbi utakuwa umeshajaa. Chomeka kompyuta yako kwenye waya uleule utakaotumika. Kama laptop yako haina tundu la HDMI, lile la waya wa skrini kubwa, beba adapta yako mwenyewe, usitegemee ya ukumbi. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kama skrini kubwa ionyeshe kilekile unachokiona wewe au iwe ya pili yenye slaidi tu. Ukichagua hiyo ya pili bila kujua, utaona maelezo yako na ukumbi utaona picha ya mandhari ya kompyuta, au kinyume chake, jambo ambalo ni baya zaidi. Zima arifa zote. Hifadhi na nakala ya PDF: fonti isiyokuwepo kwenye kompyuta nyingine hubadilishwa na nyingine, mistari inasogea, na kichwa chako cha slaidi kinakatika katikati.

Kama mnatumia kompyuta moja kwa wote, panga faili yako iwe imefunguliwa tayari. F5 inaanzisha PowerPoint kutoka slaidi ya kwanza. Shift na F5 inaanzia slaidi uliyopo. Onyesho likishaanza, herufi B inafanya skrini iwe nyeusi na ukiibonyeza tena slaidi inarudi. Hiyo B ni silaha. Anza na skrini nyeusi. Pasipo kitu cha kusoma ukutani, macho hayana pa kwenda isipokuwa kwako. Ukianza na slaidi yenye mistari sita, watu wataisoma yote kabla hujamaliza sentensi ya pili, na wakati wanasoma hawakusikii. Kusoma maneno na kusikiliza maneno mengine kwa pamoja hakuwezekani vizuri. Njia salama zaidi ni kutengeneza slaidi ya kwanza iwe nyeusi tupu, ili usitegemee kukumbuka kitufe wakati mikono inatetemeka.

Maiki ya mkono: ishike kwenye shina, si kwenye wavu. Ukiukumbatia wavu unaharibu jinsi maiki inavyochagua sauti ya mbele, na mlio mkali unaanza. Umbali ni vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na ubaki huohuo ukigeuza kichwa. Watu wengi huanza karibu, wakasahau, mkono ukashuka hadi kifuani. Sentensi ya kwanza inasikika na ya tatu haisikiki. Maiki ya kubana nguoni ikae kifuani, shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu, ushungi au beji inayogonga. Usipite mbele ya spika za ukumbi ukiwa na maiki iliyo wazi: sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, na huo mzunguko ndio ule mlio unaowafanya watu wazibe masikio. Wakazibe na akili pia.

Usiipige maiki vidole wala kupuliza. Jaribio lake ni sentensi yako ya kwanza uliyoisema asubuhi ukumbi ukiwa mtupu, mtu mmoja akiwa amesimama nyuma kabisa. Kumbuka ukumbi uliojaa hula sauti zaidi ya ukumbi mtupu, kwa hiyo ikiwa asubuhi inatosha tu, basi haitoshi.

Na jinsi ya kufika mbele: usianze kuzungumza huku unatembea. Nenda, simama, weka miguu chini, toa pumzi, tazama mtu mmoja aliye katikati ya ukumbi kwa nyuma, hesabu moja, mbili, tatu moyoni. Kwako itaonekana kama dakika nzima. Kwao ni ishara kwamba kitu kinaanza. Ukizidisha hadi sekunde nane au tisa, wataanza kudhani umesahau, na wema wao utageuka huruma.

---

Bi_Mizani amejibu:

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila naomba nipunguze moto kidogo, kwa sababu mwanzo umegeuzwa kuwa mungu.

Hiyo ya sekunde 8, eti ndio mwisho wa usikivu wa mtu, itupeni. Ilienea kupitia ripoti ya Microsoft ya mwaka 2015, pamoja na ulinganisho kwamba hata samaki wa dhahabu anatuzidi usikivu, na hata humo haikutokana na vipimo vya Microsoft wenyewe. Ilichukuliwa kutoka kwenye tovuti ya takwimu. Mtu anayetazama mechi dakika 90 bila kuinuka hana usikivu wa sekunde 8. Usikivu unategemea kama kuna jambo linaloendelea kumfaa. Ndugu ya hiyo ni ile ya "maneno ni asilimia 7 tu, iliyobaki ni sauti na mwili". Tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967 zilihusu jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji, kama anapenda au hapendi, pale neno moja, sauti na uso vinapopingana. Hazikuhusu wasilisho lenye hoja. Anayekwambia maneno yako ni asilimia 7 mwombe akueleze habari za rafu 36 kwa ishara za mikono.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliligusa hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na kwa dhihaka kidogo: usikivu hulegea kwingine kote kuliko mwanzoni, kwa hiyo ni kichekesho kuweka maombi ya kusikilizwa mahali ambapo kila mtu bado anasikiliza. Kazi kuu ya utangulizi, kwake, ilikuwa kuonyesha hotuba inaelekea wapi. Mkuu mkagua_rafu, chukua hilo. Sekunde chache za kwanza unapewa bure. Watu huinua macho kumwona msemaji mpya hata kama ni wa nne. Kinachokutesa hakiko kwenye sekunde ya kwanza, kiko kwenye ya ishirini. Kwa hiyo usihangaike kuwashtua. Hangaika usizichome hizo ulizopewa.

Ndiyo maana nina mashaka na mbwembwe. Watu hutaja sana Bill Gates alivyofungulia mbu ukumbini kwenye mkutano wa hotuba wa TED mwaka 2009. Wanachosahau ni mawili: haikuwa sentensi yake ya kwanza, alikuwa ameshaanza kueleza mambo mengine, na mbu walikuwa ndio mada yenyewe, malaria. Kitu kikitolewa mezani lazima kiwe sehemu ya hoja, si sahani ya pembeni. Ukija na puto, ukalipasua, kisha ukazungumzia ghala, watu watakumbuka puto. Ukija na boksi moja lenye lebo inayosema 24, ukalifungua na kutoa 19, hicho ni kitu kimoja na mada.

Vilevile si lazima kilele kiwe mwanzoni. Hotuba ya Martin Luther King ya tarehe 28 Agosti 1963 inakumbukwa kwa maneno ya "nina ndoto", lakini hayo yalikuja baada ya sehemu kubwa ya hotuba kupita. Alianza kwa utulivu, akikumbusha tangazo la kuwaachia watumwa huru lililotiwa saini miaka 100 nyuma na kuliweka mbele ya hali ya siku ile: ahadi huku, uhalisia kule. Ni vipande viwili vinavyogombana, kama alivyosema Hoja_Kwanza.

Kwa dakika 15, mwanzo usizidi dakika moja na nusu. Zaidi ya hapo unakopa muda wa matokeo.

---

mkagua_rafu ameandika:

Asanteni sana, nimeshaanza kuona nilipokosea. Maswali mawili. Kuinua mikono kunafaa kwa hadhira ya mabosi? Nimeona wasemaji wakiuliza "wangapi kati yenu..." na ukumbi mzima ukanyamaza, ikawa aibu. Na utani, je? Halafu kuna wenzetu 12 hivi watakaofuatilia kwa intaneti.

---

swali_na_kimya amejibu:

Mikono inafaa, lakini ina masharti, na karibu kila mara inapofeli ni kwa sababu moja kati ya hizi.

Ya kwanza: swali linamdhalilisha anayejibu. "Wangapi kati yenu mnachelewa kuingiza taarifa?" Hakuna msimamizi atakayeinua mkono mbele ya meneja wake. Uliza jambo ambalo kuinua mkono hakumgharimu mtu: "Nani aliwahi kuambiwa bidhaa imeisha, kisha akaikuta mwenyewe?" Hapo anayeinua ni mhanga, si mkosaji.

Ya pili: watu hawajui kama unauliza kweli au unapamba tu. Inua mkono wako mwenyewe wakati unauliza; hiyo ndiyo alama. Usipouinua, swali linasikika kama lile la kujijibu. Kisha ngoja. Watu hutazamana kwanza kuona nani anaanza, kwa hiyo mikono ya kwanza huchelewa. Subiri sekunde nne hadi tano. Wasemaji wengi husubiri moja, wakasema "sawa, tuendelee", na ukumbi ukajifunza kwamba maswali yako hayahitaji majibu.

Ya tatu: huna la kusema na matokeo. Andaa sentensi tatu kabla hujapanda: wakiinua wengi, wakiinua wachache, asipoinua hata mmoja. Kwa swali la bidhaa iliyoisha, wakiinua wengi: "Basi nyote mmeshaiona ripoti yangu kabla sijaionyesha." Wakiinua wachache: "Wachache. Rafu zenyewe ni 36, nitawaonyesha ziko wapi." Asipoinua mtu: "Vizuri. Maana yake zile rafu 36 zimekuwa zikitudanganya kimyakimya." Ukiwa na zote tatu, huwezi kuaibika. Ukiwa na ya kwanza tu, umecheza kamari.

Kwa watu 40 mikono ni sawa. Kwa watu wanane mezani inakuwa kama darasa la watoto. Muulize mmoja kwa jina baada ya kumtonya kabla ya kikao. Na usiulize swali la mikono kama watu watatu waliokutangulia wameshalitumia.

Utani: usiuanze kama utani. Kichekesho kinachoingia kwa "nianze na kichekesho" kinadai kicheko, na kicheko kisipotoka deni linabaki kwako. Kama kuna jambo la kuchekesha ndani ya data, liseme kwa uso mkavu kama taarifa. Wakicheka, umepata. Wasipocheka, ilikuwa taarifa tu, unaendelea. Usimcheke mtu aliye ukumbini wala waliokutangulia.

Wale 12 wa mtandaoni hawaoni ukumbi, wanaona kisanduku. Sauti na picha huwafikia kwa kuchelewa kidogo, hivyo kile kimya cha sekunde tatu kwao kinaweza kufanana na mtandao kukatika. Ukiwa kwenye kimya, uso uonekane unasogea, usigande. Skrini nyeusi nayo inawachanganya: kama programu inaonyesha slaidi zako tu, watadhani picha imepotea. Kwao weka slaidi yenye mstari mmoja, "36 kati ya 200", badala ya nyeusi. Na hawawezi kuinua mkono ukauona, kwa hiyo mpe mtu mmoja kazi ya kusoma majibu yao ya maandishi na kukutajia idadi kwa sauti. Wakibaki bila kazi dakika ya kwanza, watafungua barua pepe, na hutajua.

---

mkagua_rafu ameandika:

Nimeandika upya. Maiki na slaidi nitavikagua asubuhi. Mwanzo sasa:

"Katika kila rafu 11 za ghala letu, karibu 2 zina idadi isiyolingana na mfumo. [kimya] Hakuna kilichoibwa. Bidhaa zote tumezihesabu, zipo. [kimya] Nani hapa aliwahi kuambiwa bidhaa imeisha, kisha akaikuta mwenyewe? [mikono] ... Tofauti hiyo inazaliwa ndani ya saa moja tu ya siku. Ningependa kidogo kuwaonyesha ni saa ipi, kwa nini, na mwishoni nitawaomba ruhusa ya kujaribu kuiziba kwa siku 30 kwenye ujia mmoja. Naitwa fulani, kitengo cha ukaguzi."

Na salamu nimeziondoa kabisa. Ni sawa?

---

Hoja_Kwanza amejibu:

Salamu zirudishe, mkuu. Kumwingilia mtu bila salamu ni ukavu, na wakubwa watalishika hilo kuliko rafu zako. Ila iwe moja na fupi: "Habari za asubuhi." Waache waitikie. Kisha kile kimya cha sekunde tatu alichokisema fundi_maiki, kisha rafu 11. Kimya ndicho kinachotenga salamu na hoja. Kama mwenyekiti anataka wageni watajwe, wataje mwanzoni kabisa kwa sauti ya kawaida, nyamaza, ndipo uanze. Usichanganye orodha ya wageni na jambo lako katika pumzi moja.

"Ningependa kidogo kuwaonyesha" iwe "nitawaonyesha". "Kila rafu 11 za ghala letu" ina tatizo: mlihesabu rafu 200, hamkuhesabu ghala zima. Sema "katika kila rafu 11 tulizohesabu". Hapo mtu wa fedha hana pa kukushika.

Sentensi hizi zikariri neno kwa neno, pamoja na mbili za kufungia. Katikati usikariri, shika hoja tu. Aliyekariri yote akipoteza neno moja anapoteza njia. Zipime kwa saa kwa kuzisoma kwa sauti, na usinakili hesabu za maneno kwa dakika zilizotengenezwa kwa Kiingereza, kwa sababu neno letu moja kama "hatutawarudishia" linabeba kazi ya maneno kadhaa ya kwao. Siku yenyewe utasema haraka kuliko mazoezini, hofu inasukuma. Ndiyo maana hizo alama za kimya ulizoweka kwenye mabano ziandike kwa wino mwekundu.

---

fundi_maiki amejibu:

Nyongeza moja. Wewe ni wa nne na mbele ya mapumziko, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa ukaambiwa ukifika pale mbele, "tafadhali tumia dakika 9". Usikate mwanzo, na usiseme "kwa kuwa muda umetutupa mkono nitapita harakaharaka". Amua leo slaidi zipi za katikati zitaruka. Ziweke namba kwenye karatasi. Kwenye PowerPoint, onyesho likiwa linaendelea, andika namba ya slaidi ubonyeze Enter, itaruka moja kwa moja bila ukumbi kuona zilizopitwa.

---

swali_na_kimya amejibu:

Na betri mpya kwenye rimoti ya slaidi. Pamoja na kile kipokezi chake kidogo cha USB, ambacho hubaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine kila mara.